Maji na taka kwenye mji wa watalii: tuanze na mivujo na mabaki ya chakula, mirija ya plastiki ije baadaye

Mkondo (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Uliza mji wowote unaoishi kwa wageni unafanya nini kuhusu maji na taka. Utaambiwa mirija ya plastiki imeondolewa, kadi imewekwa bafuni kumwomba mgeni asibadilishiwe taulo kila siku, na ufukwe unasafishwa kila mwezi. Yote hayo ni mema. Lakini ukiyaweka kwenye mizani, uzito hauko hapo. Uko kwenye maji yanayopotea ardhini kabla hayajafika bombani, kwenye mabaki ya chakula yanayotoka mlango wa nyuma wa jikoni, na kwenye majitaka ya msimu wa wageni yanayomiminika ndani ya mfumo uliojengwa kwa hesabu ya wenyeji peke yao.

Nianze na maji. Mwaka 1993 mamlaka ya maji ya Phnom Penh, Kambodia, ilikuwa inapoteza asilimia 72 ya maji iliyoyazalisha, kwa mivujo na kwa wizi. Wananchi walipata maji kwa saa chache tu kila siku. Mhandisi Ek Sonn Chan alipokabidhiwa mamlaka ile alifunga mita kwa kila mteja, akaunda vikosi vya kutafuta mivujo, akazilipisha hata taasisi za serikali na wakubwa waliozoea kutumia bure. Ndani ya miaka isiyofika 20 upotevu ulishuka hadi karibu asilimia 6, na maji yakatoka saa 24. Mwaka 2010 mamlaka hiyo ilipewa tuzo ya maji ya viwanda ya Stockholm. Sehemu ya maji waliyoyapata ilikuwa ni yale yale yaliyokuwa yanamwagika chini ya barabara zao.

Kwa upande wa taka, ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 2018 ilikadiria kwamba dunia ilizalisha tani bilioni 2.01 za taka za mijini mwaka 2016, na asilimia 44 ilikuwa mabaki ya chakula na majani. Kwenye nchi maskini sehemu hiyo inapita nusu. Mji wenye hoteli na migahawa mingi hauwezi kuwa na mabaki machache. Na mabaki haya ndiyo mazito, ndiyo yenye maji, ndiyo yanayooza na kunuka, na ndiyo yanayochafua karatasi na chupa zilizo kwenye mfuko mmoja nayo mpaka hakuna mnunuzi anayezitaka. Ukitoa chakula kwenye mfuko, kilichobaki chote kinapata thamani. Usipokitoa, hata ukiweka mapipa ya rangi saba mtaani, utakuwa unakusanya uchafu wenye rangi.

Halafu kuna jambo ambalo ofisi nyingi hulitenganisha kwa sababu idara ni mbili: maji yanayoingia hotelini yanatoka kama majitaka, na mafuta ya jikoni yanayomwagwa kwenye sinki ni taka ngumu zinazosafiri kwa bomba. Mwaka 2017 huko Whitechapel, London, ulikutwa mwamba wa mafuta yaliyogandana na vitambaa vya kufutia, uzito wake tani 130 hivi, urefu mita 250, umeziba mfereji wa majitaka wa enzi za Malkia Victoria. Kazi ya kuuvunja ilichukua wiki kadhaa. Kila mgahawa uliomwaga mafuta pale ulichangia.

Kwa hiyo hoja yangu ni hii: mji upime kwanza, uzibe mivujo, utenganishe chakula, ujenge uwezo wa majitaka kwa ajili ya kilele cha msimu, kisha ndipo uzungumzie mitambo mikubwa. Karibuni. Wenye uzoefu wa kazi hizi naomba mshuke kwa kina.

FundiBomba

Mkuu Mkondo, umenigusa mahali pangu. Nimefanya matengenezo kwenye hoteli miaka mingi, naomba niongeze ya fundi.

Hoteli nyingi zina mita moja tu, ile ya mamlaka pale getini. Bili ikija kubwa, kila idara inamtazama mwenzake. Jikoni wanasema ni dobi, dobi wanasema ni bwawa la kuogelea, bustani wanasema wao wanamwagilia asubuhi tu. Weka mita ndogo kwenye sehemu tano: vyumba, jiko, dobi, bwawa na bustani. Ubishi unakwisha wiki ya kwanza.

Hata kabla ya mita ndogo, kuna kipimo ambacho hakihitaji kununua kitu. Soma mita kuu saa nane usiku, usome tena saa kumi. Saa hizo wageni wamelala, jiko limefungwa, dobi limezimwa. Kama mshale unatembea kwa kasi na hakuna tangi wala bwawa linalojazwa saa hizo, hayo ni maji yanayovuja. Mamlaka za maji zinafanya hivyo hivyo kwa mitaa mizima: wanagawa mji kwenye kanda, kila kanda na mita yake, wanaangalia mtiririko wa usiku wa manane. Kanda ambayo mtiririko wake haushuki ndiyo inayochimbwa.

Mahali pa kutazama kwanza ni tangi la flashi. Ile raba ya chini ikichoka, maji yanapita kimya kimya ndani ya bakuli, hakuna anayesikia. Choo kimoja kinaweza kupoteza mamia ya lita kwa siku. Tia rangi ya chakula ndani ya tangi, usivute maji, rudi baada ya nusu saa. Ukiona rangi kwenye bakuli, badilisha raba. Cha pili ni bwawa la kuogelea lenye koki ya kujijaza yenyewe. Koki hiyo inaficha ufa, kwa sababu bwawa halionekani kupungua hata siku moja. Ifunge usiku, weka alama ukutani, pima asubuhi.

Bomba linalodondosha tone moja kila sekunde linamwaga zaidi ya lita 11,000 kwa mwaka. Vyoo vya zamani vinavuta lita 9 hadi 13 kwa mara moja, vya vitufe viwili vinatumia 6 au 3. Mdomo wa bomba unaochanganya hewa na maji unashusha mtiririko kwa nusu na mgeni hatambui. Hizi ni kazi za fundi mmoja na msaidizi wake, hazihitaji mkutano.

MlangoWaNyuma

Nipo upande wa uendeshaji wa hoteli, niseme ukweli wa huko.

Kadi za taulo mnazozisema zina faida, ila si kwa sababu mgeni anazifuata. Zinafaa pale tu watumishi wa vyumba wanapofundishwa kutobadilisha. Mahali pengi kadi ipo ukutani na mtumishi anabadilisha kila kitu kwa sababu ndivyo anavyokaguliwa na msimamizi. Badilisha ukaguzi, kadi itafanya kazi.

Swali langu kwa mwanzisha uzi: mnatuambia tubane maji ya kuoga, lakini mgeni amelipia chumba. Hoteli zinazoshindana haziwezi kumpa bafu lenye maji ya kudondoka. Kuna mji gani mkubwa wa starehe uliofanikiwa bila kuwanyima wageni?

Mkondo

Mkuu MlangoWaNyuma, swali zuri. Jibu ni Las Vegas, mji wa hoteli kubwa katikati ya jangwa.

Jimbo la Nevada lina haki ya kuchota takriban mita za ujazo milioni 370 kwa mwaka kutoka Mto Colorado, na kiasi hicho kwa jimbo lenye mji kama ule ni kidogo mno. Walichofanya ni kwamba karibu maji yote yanayotumika ndani ya majengo, ya bafu, choo, jiko na dobi, yanasafishwa na kurudishwa Ziwa Mead, bwawa la mto huo huo, kupitia mkondo wa Las Vegas Wash. Kila mita ya ujazo inayorudi wanaruhusiwa kuichota tena. Maji wanayoyapoteza moja kwa moja ni yale ya nje: majani ya mapambo na mitambo ya kupoza hewa. Kwa hiyo wakaacha kuhangaika na bafu la mgeni, wakaenda kwenye nyasi. Mamlaka ya maji inawalipa wenye nyumba na wenye biashara wang'oe nyasi, na mwaka 2021 jimbo lilipitisha sheria inayokataza, kuanzia mwisho wa 2026, kumwagilia kwa maji ya mto ule nyasi za mapambo zisizotumiwa na mtu.

Lakini tahadhari. Mji wa pwani unaomwaga majitaka yake baharini hauwezi kuiga hesabu hiyo. Pale kila lita iliyopita bafuni imekwenda jumla. Kwa hiyo kabla ya kuchagua ubane wapi, chora njia ya maji ya mji wako: yanatoka wapi, yanapita wapi, yanaishia wapi. Mji usiojua maji yake yanaishia wapi utabana mahali pasipo na faida na kuacha panapovuja.

KisimaKirefu

Mmetaja pwani, niseme la visima maana watu hawalielewi mpaka wamechelewa.

Kwenye visiwa na miji ya pwani, maji baridi ya ardhini yanaelea juu ya maji ya chumvi kwa sababu ni mepesi zaidi. Kanuni ya makadirio ni kwamba kwa kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna mita 40 hivi za maji baridi chini yake. Sasa igeuze. Ukivuta kisima mpaka kiwango kikashuka mita 1, mpaka wa chumvi huko chini unaweza kupanda kuelekea mita 40. Hoteli moja ikichimba na kuvuta usiku na mchana, visima vya majirani vinaanza kuwa na chumvi. Na chumvi ikishaingia, kuitoa ni kazi ya miaka ya mvua, wakati kuingia inaweza kuwa ya msimu mmoja.

Ndiyo maana nasema kibali cha kisima bila mita ni sawa na kutokuwa na kibali. Ipimwe pampu, ipimwe chumvi ya maji kila mwezi, na kiwekwe kiwango ambacho kikifikiwa pampu inapumzishwa. Visima vingi vidogo vinavyovuta taratibu, vilivyotawanyika, ni salama kuliko kimoja kirefu kinachovuta kwa nguvu. Na maji ya mvua ya paa za hoteli yaelekezwe kwenye mashimo ya kupenyeza ardhini. Yakienda kwenye mtaro wa barabara, bahari ndiyo inayofaidi.

Mtambo

Naendesha mtambo wa kusafisha majitaka, naomba nafasi niseme kwa nini msimu wa wageni unatuumiza.

Kazi yote ya kusafisha inafanywa na bakteria. Wanakula uchafu, wanaongezeka kulingana na chakula wanachopata. Msimu wa chini chakula ni kidogo, wengi wanakufa. Ghafla inafika wiki ya sikukuu, mji unajaa, uchafu unaongezeka maradufu kwa siku mbili tatu. Bakteria hawawezi kuongezeka kwa kasi hiyo, wanahitaji wiki kadhaa. Matokeo yake maji yanapita mtamboni yakiwa hayajasafika na kwenda kule kule wageni wanakoogelea.

Dawa zake zinajulikana. Ya kwanza ni tangi la kusawazisha kabla ya mtambo, linalopokea wimbi la asubuhi na jioni na kuliachia polepole usiku. Ya pili ni kujenga mtambo kwa njia mbili au tatu zinazokwenda sambamba badala ya njia moja kubwa. Msimu wa chini unaendesha moja, wiki chache kabla ya msimu unaamsha ya pili kwa tope lenye bakteria kutoka ile ya kwanza. Ya tatu ni mawasiliano tu: hoteli ziwe zinatupa makisio ya wageni wa mwezi unaofuata. Namba hizo wanazo kwenye kompyuta zao, sisi tunakisia.

Jambo lingine linalotuua ni dawa za kusafishia. Hoteli ikimaliza msimu inafanya usafi mkubwa, inamwaga klorini na dawa za kuua vijidudu kwa wingi siku moja. Vijidudu tunavyovifuga ndivyo vinavyouawa. Maji ya kusafishia kichujio cha bwawa nayo yaachiwe taratibu, yasifunguliwe yote kwa mkupuo.

Na kuna uhalifu wa kimya kimya: kuunganisha bomba la choo kwenye mtaro wa maji ya mvua. Boracay kule Ufilipino kisiwa kizima kilifungwa kwa watalii kuanzia tarehe 26 Aprili hadi 26 Oktoba 2018, na sababu kubwa ilikuwa hiyo. Biashara zilikuwa zikimwaga majitaka kwenye mitaro inayoishia ufukweni. Miezi sita bila mgeni hata mmoja. Gharama ya kuunganisha bomba kihalali ingekuwa ndogo kiasi gani mbele ya hasara ile?

Daftari

Mtambo, umetaja Boracay. Kwa nini tusiseme wazi kwamba tatizo ni wingi wa watu? Baada ya kufungua, Boracay iliwekewa kikomo cha watalii 19,215 kwa wakati mmoja. Venisi nayo ilianza kuwatoza ada wageni wa kutwa Aprili 2024. Pengine kikomo ndicho suluhisho la kweli, hayo mengine ni viraka.

Mkondo

Daftari, nakuelewa, na kuna miji ambayo bila kikomo haitapona. Lakini kikomo kinatoka wapi? Kama hujapima uwezo wa visima, wa mtambo na wa dampo, namba utakayoiweka ni ya kukisia, na atakayekuja na nguvu ataipandisha. Kikomo chenye nguvu ni kile kinachosomwa kwenye mita: mtambo wetu unasafisha kiasi hiki kwa siku, kwa hiyo vitanda vipya havipati kibali mpaka uwezo uongezwe. Hapo mwekezaji hana la kubishana na mtu.

Ada ya mgeni nayo naiunga mkono kwa sharti moja, ipelekwe kwenye bomba na kwenye taka, na mwananchi aone. Visiwa vya Balearic huko Hispania vilianza kutoza kodi ya utalii endelevu Julai 2016, na sehemu ya fedha hizo imekwenda kwenye miradi ya maji. Kodi inayopotelea kwenye mfuko mkuu wa serikali inamuudhi mgeni na haimfai mwenyeji.

MkaziMlimani

Naomba na sisi tunaoishi humo tusikike. Mnaongea juu ya mgeni na hoteli, sisi tuko juu ya mlima ambako maji yanafika usiku wa manane kama yanafika.

Shirika la Afya Duniani linasema mtu anahitaji lita 50 hadi 100 kwa siku kwa mahitaji ya msingi. Umoja wa Mataifa ulitambua maji kuwa haki ya binadamu mwaka 2010. Mgeni wa hoteli yenye bwawa na bustani anatumia mamia ya lita. Msimu ukifika, presha inashuka, hoteli zenye pampu zilizofungwa moja kwa moja kwenye bomba kuu zinanyonya kilichobaki, na mlimani tunanunua maji kwa madumu. Mwenye kipato kidogo ndiye anayelipa bei kubwa kwa lita. Hilo linanichoma kuliko yote yaliyosemwa hapa.

Cape Town walipokaribia kukaukiwa, kuanzia tarehe 1 Februari 2018 kila mtu aliwekewa lita 50 kwa siku, na wageni waliombwa waoge haraka kama wenyeji. Hoteli ziliondoa vizibo vya mabafu. Watalii waliendelea kuja. Kwa hiyo msituambie mgeni hawezi kubana.

FundiBomba

Mama MkaziMlimani, hilo la pampu ni kweli kabisa na ni la kukatazwa kwa sheria ndogo. Pampu haipaswi kunyonya bomba la umma. Maji yaingie kwanza kwenye tangi la ardhini kwa presha yake ya kawaida, na pampu ivute kutoka tangini. Tena pampu inayonyonya bomba kuu inaweza kuingiza uchafu wa nje kupitia nyufa za bomba, maana presha ndani inakuwa chini kuliko nje. Mtaa mzima unaugua.

Na tangi la hoteli liwe na koki inayolijaza usiku tu, watu wakiwa wamelala.

Mkondo

Nakubaliana na Mama moja kwa moja. Nitaongeza bei: lita za kwanza za nyumbani ziwe nafuu sana, na kadiri matumizi yanavyopanda bei ya kila lita ipande kwa ngazi, hoteli zihesabiwe kwa kitanda. Bwawa na bustani zilipiwe bei ya juu kabisa, au zitumie maji yaliyosafishwa upya.

Na hapo kwenye maji yaliyosafishwa upya watu hukunja nyuso, ila Windhoek, mji mkuu wa Namibia, wanakunywa maji yaliyotokana na majitaka tangu 1968. Mtambo wao mpya wa Goreangab ulianza 2002 na unaweza kuzalisha mita za ujazo 21,000 kwa siku. Singapore walianza NEWater, maji yao yaliyosafishwa upya, mwaka 2003, sehemu kubwa ikienda viwandani. Kama wao wanakunywa, sisi tushindwe kumwagilia bustani? Hong Kong wametumia maji ya bahari kuvutia vyoo tangu miaka ya 1950, na leo zaidi ya asilimia 80 ya wakazi wanahudumiwa hivyo. Inahitaji mtandao wa pili wa mabomba yasiyopata kutu, na majitaka yenye chumvi hayafai tena kumwagilia, kwa hiyo mji uchague mapema, haiwezekani kufanya vyote viwili.

Maji ya bafu na dobi ni rahisi zaidi kwa hoteli moja moja. Tahadhari ni kutoyahifadhi ghafi zaidi ya siku moja, yanaoza na kunuka. Yapite kwenye kichujio cha mchanga na kitalu cha matete, kisha yaende bustanini kwa mabomba ya chini ya udongo.

MzoaTaka

Mimi ni dada ninayezoa taka pamoja na kikundi chetu. Nimesoma yote, na sijaona mtu akisema nani anazibeba.

Nataka mfahamu habari ya Cairo. Kuna jamii inaitwa Zabbaleen, inakusanya taka za mji ule nyumba kwa nyumba kwa miongo mingi. Inakadiriwa walikuwa wanarejesha hadi asilimia 80 ya wanachokusanya, kwa sababu kila kitu walikichambua kwa mkono, na mabaki ya chakula waliwalisha nguruwe wao. Mwaka 2003 mji ukawapa kazi makampuni ya kigeni yenye malori makubwa. Malori hayakuingia vichochoroni, na watu waliozoea kuchukuliwa taka mlangoni wakaambiwa wazipeleke kwenye makontena mtaani. Kisha 2009 serikali ikaamuru nguruwe wachinjwe kwa hofu ya mafua ya nguruwe. Chakula kikakosa mahali pa kwenda, kikalundikana barabarani na kuoza. Mji wenye mapiramidi, watalii wanapita wameziba pua. Walivunja mnyororo bila kuuliza nani aliyeushika.

Mji mkongwe wenye vichochoro haufai lori. Venisi wanatumia mikokoteni ya mkono na mashua. Sisi tunatumia mikokoteni pia, tunadharauliwa, lakini ndiyo inayopita. Kama halmashauri inataka kutenganisha taka, itupe mkataba, glavu, mahali pa kuchambulia penye paa na maji, na itukutanishe na jikoni za hoteli tukubaliane saa. Mpishi akituwekea mabaki kwenye ndoo yenye mfuniko, bila mifuko ya plastiki, bila vijiko, bila vijiti vya meno, sisi tunayafikisha mahali pazuri. Akichanganya, mkono wangu ndio unaoingia kwenye chupa iliyovunjika.

MlangoWaNyuma

Dada MzoaTaka, hilo la vijiti vya meno na vijiko nalichukua kama lilivyo. Nitalisema jikoni.

Upande wangu nina swali la kazi. Tukitenga chakula, kiende wapi? Tumewahi kushauriwa tununue mtambo wa gesi, wengine wanasema mboji, wengine wanasema funza wa nzi askari weusi. Kila muuzaji anasifia chake.

Mtambo

Inategemea ulichonacho na nafasi.

Jiko lenyewe likihitaji moto na mabaki yakiwa laini (wali, mboga zilizopikwa, uji, matunda), mtambo wa gesi unafaa. Lakini ni tumbo la bakteria vile vile: unataka chakula cha aina moja kila siku kwa kiasi kile kile. Ukiulisha kidogo msimu wa chini kisha ukaujaza ghafla, unachachuka na gesi inakoma. Usitie maganda mengi ya machungwa, mifupa wala mafuta mengi kwa mara moja.

Funza wanavumilia zaidi mchanganyiko, wanamaliza mabaki kwa siku chache, na wenyewe ni chakula cha kuku na samaki. Wanahitaji joto, kivuli na mtu wa kuwaangalia kila siku, sikukuu pia.

Mboji ndiyo nafuu kuliko zote, ila inataka eneo, majani makavu ya kuchanganya, na kugeuzwa. Hoteli yenye bustani kubwa ianze hapo, majani makavu tayari inayo. Mji mzima ukitaka kufanya kwa pamoja, Milano ni mfano wa kusoma: kufikia 2014 walikuwa wanakusanya mabaki ya chakula kwa kila nyumba, kwenye mifuko inayooza, na yanakwenda kutengenezwa gesi na mboji. Walianza na migahawa na hoteli kabla ya nyumba, na hapo ndipo pa kuanzia, wateja wachache wenye ndoo nyingi.

Daftari

Nimebadilika kidogo kuhusu kikomo. Ila mji mdogo usio na fedha, wiki ijayo ufanye nini? Naomba jibu fupi.

Mkondo

Wiki ya kwanza: mhandisi wa maji apate wasoma mita usiku, aanze na kanda moja, ile yenye hoteli nyingi. Mivujo itakayoonekana izibwe kabla ya kwenda kanda ya pili. Fedha inayookolewa kwenye umeme wa pampu ilipie kanda inayofuata, na maji yaliyopatikana yapelekwe mlimani kwa Mama kabla ya kuuzwa kwa hoteli mpya.

Sambamba na hilo, halmashauri iite wapishi wakuu wa jikoni kumi kubwa na vikundi vya wazoa taka, kwenye meza moja. Wakubaliane ndoo, mfuniko, saa na malipo. Jikoni hizo hizo zikaguliwe chemba ya mafuta, ile inayonasa mafuta kabla hayajaingia bomba la majitaka: ipo, inasafishwa lini, mafuta yanakwenda kwa nani. Leseni ya mwaka ujao isitoke bila daftari la chemba.

Vibali vya visima vikaguliwe vyote, kisicho na mita kifungwe mita au kifungwe chenyewe. Na hoteli zianze kumtumia Mtambo makisio ya wageni. Hilo la mwisho ni ujumbe wa simu tu.

MzoaTaka

Kuhusu saa, wapishi waniwekee ndoo nje usiku wakifunga jiko au alfajiri kabla ya saa kumi na mbili. Baada ya hapo vichochoro vimejaa wageni, mkokoteni haupiti. Na ndoo tupu nitairudisha imeoshwa, kwa hiyo wawe nazo mbili mbili.

MlangoWaNyuma

Mbili mbili imekubalika. Usiku ni bora, alfajiri mlinzi anakuwa anabadilishana zamu. Niandikie pembeni tupange geti.